Ekari 150 kwa Nyumbu na Simba: Tathmini ya Mkataba wa Hifadhi Baada ya Miaka 13

Huu ni mwaka wa 13 tangu nitie sahihi mkataba wa kukodisha ekari zangu 150 kwa hifadhi ya wanyamapori iliyo kaskazini mwa Mbuga ya Maasai Mara. Mkataba wenyewe ni wa miaka 15, na wiki tatu zilizopita nililetewa rasimu ya mkataba mpya, safari hii wa miaka 25, niisome na kurudisha majibu. Kabla ya kuyarudisha nimeona niandike tathmini ya huduma hii kama vile mtu anavyotathmini bima au mkopo wa benki, kwa sababu vijana wengi wenye hatimiliki mpya mkononi, hapa Narok na kule Kajiado, Laikipia na Taita Taveta, wananiuliza swali lilelile: je, inalipa? Hifadhi yenyewe sitaitaja jina. Bado tunajadiliana, na baadhi ya wajumbe wa kamati yake ni majirani ambao ndio watakaonizika.

Ardhi niliipata kwa baba. Kwa muda mrefu eneo letu lilikuwa ranchi ya kikundi, yaani ardhi iliyosajiliwa kwa niaba ya wanachama wote chini ya sheria ya mwaka 1968, na watu walichunga kulingana na mvua na makubaliano ya wazee. Ranchi ya Koiyaki ilipogawanywa, kila mwanachama aliyeandikishwa alipata kipande cha karibu ekari 150 chenye hatimiliki ya jina lake peke yake. Mistari ya mgawanyo huo imenyooka kama ya daftari la hesabu; haikujali mto, mahali pa chumvi wala njia ya ng'ombe, hivi kwamba mmoja aliangukia mlima wa mawe na mwenzake akaangukia bonde lenye maji. Hapo ndipo wazo la hifadhi za wenye ardhi lilipopata nguvu. Kipande cha ekari 150 peke yake hakimtoshi simba mmoja, wala hakiwatoshi ng'ombe 60 mwaka wa kiangazi, lakini vipande mia kadhaa vikiunganishwa bila uzio vinarudi kuwa nchi.

Hifadhi ya Ol Kinyei ilianza mwaka 2005, Olare Orok mwaka 2006, Mara North mwaka 2009, na Naboisho, jina ambalo kwa Kimaasai linahusu kuja pamoja, mwaka 2010. Zote zilijengwa juu ya funzo chungu. Awali fedha za watalii waliokuja katika ardhi yetu zilipitia kwa vyama vilivyokusanya ada ya lango, na kiasi kilichomfikia mchungaji wa kawaida kilitegemea idadi ya watalii na pia, nisiseme mengi, idadi ya mikono iliyozishika fedha hizo njiani. Utaratibu mpya uliikata njia hiyo: kambi za watalii zinakubali kulipa kiasi maalumu kwa kila ekari, wageni waje wasije, na fedha zinaingia moja kwa moja katika akaunti ya mwenye hatimiliki. Kambi nazo zinapata nafasi na utulivu. Ol Kinyei na Olare Motorogi (ndiyo Olare Orok baada ya kuunganishwa na Motorogi) hufuata kanuni ya hema moja kwa kila ekari 700, na aliyewahi kuona magari 30 yamemzunguka duma mmoja ndani ya mbuga hahitaji kuelezwa kwa nini mgeni yuko tayari kulipa zaidi kwa ajili ya kanuni kama hiyo.

Sasa, mwenye ardhi anauza nini hasa? Wengi hudhani anauza wanyama. Wanyama si wake; kwa sheria ya Kenya wanyamapori ni mali ya dola, na kwa kuwa uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, hata nyumbu akifia mlangoni pako huna haki ya kuichukua ngozi yake. Anachouza ni kujizuia. Katika mkataba wangu nilikubali nisijenge uzio, nisilime, nisikate miti ya makaa, nisichimbe mchanga wala kokoto, nisijenge nyumba ya kudumu, nisikigawe kipande, na nikitaka kuuza niipe hifadhi au mwanachama mwenzangu nafasi ya kwanza ya kununua. Boma letu tulilihamishia kwenye kipande cha ndugu yangu kilicho nje ya mpaka wa hifadhi. Kila moja ya hizo "nisi" ina bei yake, na kosa langu la kwanza kama mteja lilikuwa kutozipigia hesabu moja baada ya nyingine. Nilitazama jumla ya malipo ya mwezi, nikafurahi, nikaomba kalamu.

Mkataba ulikuwa wa kurasa 31 za Kiingereza cha mawakili, na sisi tulipewa muhtasari wa Kiswahili wa kurasa mbili. Muhtasari huo ulieleza vizuri haki ya kulipwa. Kuhusu faini, kuhusu kile kinachoitwa tukio lisilozuilika, yaani janga lililo nje ya uwezo wa waliotia sahihi, na kuhusu nani ana mamlaka ya kufungua na kufunga malisho, ulikuwa na sentensi moja moja tu. Nilikuwa mwalimu kwa miaka 24 kabla ya kustaafu na hata mimi kurasa zile zilinishinda mpaka nilipomlipa wakili wa mjini Narok anisomee, jambo ambalo nililifanya mwaka wa nne, wakati sahihi yangu ilikuwa imeshakauka zamani. Atakayesoma tathmini hii na akakumbuka jambo moja tu, na akumbuke kutanguliza wakili. Ada yake hailingani hata na bei ya mtamba mmoja.

Kuhusu malipo yenyewe, huduma hii imekuwa ya kuaminika kuliko nilivyotarajia. Kiasi sitakiandika kwa tarakimu, ila ni zaidi kidogo ya mshahara wa mlinzi wa lango na hakifikii mshahara wa mwalimu wa shule ya msingi. Kimeingia mwezi baada ya mwezi, na kimepanda kidogo kila mwaka kama mkataba unavyosema. Ubora wake mkubwa si wingi bali ni kutabirika. Mfugaji ana mali nyingi na fedha kidogo. Karo ya shule ya bweni ikidaiwa Januari, wakati ng'ombe wamekonda na mnunuzi anajua kwamba huna njia, dume la thamani kubwa huondoka kwa bei ya kuokota. Tangu malipo haya yaanze sijauza mnyama kwa shida ya karo, na chama chetu cha akiba na mikopo kinanikopesha kwa kutazama tu taarifa ya akaunti. Ng'ombe niliowauza niliwauza wakiwa wamenona, kwa wakati niliouchagua mimi. Faida hiyo haionekani popote katika hesabu za hifadhi, na kwangu ndiyo kubwa kuliko zote.

Mpango wa Kitengela, kusini mwa Mbuga ya Nairobi, ulilielewa jambo hili mapema. Mbuga ile ina ukubwa wa kilomita za mraba 117 tu na upande wake wa kusini uko wazi, kwa hiyo bila ardhi za watu binafsi wanyama wake wangebaki kama mbuzi waliofungwa kwenye kigingi. Mwaka 2000 wenye ardhi wa huko walianza kulipwa dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasijenge uzio, wasilime wala wasiuze, na malipo yaligawanywa mara tatu, wakati shule zinapofunguliwa. Ulikuwa mpango uliobuniwa na mtu anayejua nyumba ya mfugaji inavyoendeshwa. Udhaifu wake ulikuwa kwamba fedha zilitoka kwa wafadhili, na dola 4 haziwezi kushindana na dalali wa viwanja aliyetoka Nairobi kwa gari la asubuhi. Sehemu kubwa ya Kitengela leo ni nyumba, kuta na nyaya. Ndiyo maana ninamshauri kila anayeletewa mkataba kuuliza kwanza fedha zinatoka wapi. Zikitoka kwenye vitanda vya wageni, uliza vitanda ni vingapi na mkataba wa kambi na hifadhi unaisha lini. Zikitoka kwa mfadhili, uliza tarehe ya mwisho wa ufadhili, kwa sababu ipo, hata kama hukutajiwa.

Hata fedha za wageni zina siku yake ya kukauka. Tarehe 25 Machi 2020 Kenya ilisimamisha safari za ndege za abiria za kimataifa kwa sababu ya korona, na hazikurejea hadi Agosti mosi. Kambi zilifungwa. Malipo yangu yalishuka hadi nusu na kubaki hapo kwa miezi 8. Sitajifanya kwamba nilitarajia kambi tupu ilipe kodi kamili. Ninacholalamikia ni kwamba niliona upungufu kwenye ujumbe wa simu kabla ya kuitwa kwenye mkutano wowote, na nilipoenda ofisini nikafunguliwa ukurasa wa 22 na kuonyeshwa kifungu cha tukio lisilozuilika. Kifungu hicho kiliwaruhusu wao kulipa nusu, lakini hakikuniruhusu mimi kuchunga hata nusu ya kipande changu katika miezi hiyo hiyo ambayo hapakuwa na mgeni hata mmoja wa kuudhika kwa kumwona ng'ombe.

Hapo ndipo ninapofika kwenye malisho, na msomaji anisamehe nikikaa hapa, kwa sababu hapa ndipo mkataba huu unapokuwa mzuri au mbaya.

Siku niliporudi nyumbani na habari za kutia sahihi, mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sasa Mzee, hizo fedha zitakamuliwa wapi?" Nilicheka wakati ule. Katika nyumba ya Kimaasai maziwa ni ya mama: ndiye anayekamua, anayegawa, anayeuza yaliyozidi na kutia shilingi kwenye kanga yake bila kumwomba mtu. Kodi ya ardhi inaingia kwenye akaunti ya mwenye hatimiliki, na hatimiliki nyingi zilizotoka kwenye mgawanyo wa ranchi zina majina ya wanaume. Kwa hiyo kila ekari inayofungwa kwa ng'ombe na kulipwa kwa benki inahamisha kipato kutoka kibuyu cha mama kwenda simu ya baba, na hakuna mstari hata mmoja katika kurasa zile 31 uliogusia jambo hilo. Sisi tulilitatua kwa kufungua akaunti ya pamoja mwaka wa pili. Ninajua nyumba ambazo halikutatuliwa, na ninajua pia nyumba ambamo fedha zilihamia mjini na mwenye simu.

Utaratibu wa malisho katika hifadhi yetu ni wa zamu. Eneo limegawanywa sehemu, na kamati hufungua sehemu moja kwa ng'ombe kwa kipindi fulani huku nyingine zikipumzika. Karibu na kambi hakuchungwi kabisa wakati wa msimu wa wageni, ambao kwa bahati mbaya ni Julai hadi Oktoba, miezi ile ile ambayo nyasi za nje zimekwisha na makundi ya nyumbu kutoka Serengeti yamefika. Kama wazo, siwezi kulipinga. Wazazi wetu walikuwa na *olopololi*, sehemu iliyotengwa karibu na boma kwa ajili ya ndama, na mtu aliyeingiza humo mifugo wakubwa alitozwa. Kupumzisha nyasi hatukufundishwa na mtu wa nje. Tofauti ni kwamba *olopololi* ilifunguliwa na mzee aliyezitazama nyasi asubuhi hiyo, ilhali sehemu zetu hufunguliwa kwa ratiba ambayo mara nyingi inatazama nafasi zilizokodishwa kambini.

Katika ukame wa mwaka 2022 tuliomba sehemu ya kaskazini ifunguliwe mapema. Jibu lilichukua siku 19. Katika siku hizo nilipoteza ng'ombe 6, na mwanangu, ambaye hakungoja jibu, alitozwa faini kwa kukutwa usiku na kundi letu ndani ya kipande ambacho hatimiliki yake iko kwenye sanduku langu. Faini ilikatwa kwenye malipo ya mwezi uliofuata. Nimelitafakari jambo hili mara nyingi na sioni kwamba askari aliyemkamata alikosea, alitekeleza kanuni. Aliyekosea ni aliyeandika kanuni isiyo na muda wa mwisho wa kujibu ombi la dharura, na mimi niliyeitia sahihi.

Liko pia jambo ambalo wageni hawaliulizi kamwe. Nyumbu wanapozaa, ndama wao wachanga hubeba ugonjwa usiowadhuru wao lakini ambao humpata ng'ombe kwa homa kali, kamasi nzito na macho kuwa kama yenye ukungu. Ugonjwa huo hauna tiba. Wafugaji wa kwetu wamejua tangu zamani kuyakimbia mawanda ya uzazi wa nyumbu katika miezi hiyo na kuyaacha majani yake mazuri. Kwa hiyo ardhi yenye nyumbu wengi, ambayo ni fahari ya hifadhi, kwa mwenye ng'ombe ni ardhi iliyofungwa miezi kadhaa hata pasipo mkataba. Mtu anayekodisha kipande chake akumbuke pia kwamba majirani walio nje ya mpaka, ambao hawapati senti, ndio wanaobeba sehemu ya gharama hii.

Yapo maeneo yaliyojaribu njia nyingine. Enonkishu, upande wa kaskazini kabisa wa hifadhi za Mara, jina lake lenyewe linahusu ng'ombe, na ufugaji umewekwa kuwa sehemu ya kazi ya hifadhi badala ya kuvumiliwa pembeni. Na hata bila kwenda huko, yeyote aliyekulia porini ameona maganjo: mahali palipokuwa na boma miaka mingi iliyopita, ambapo samadi imeuacha udongo na rutuba, na swala, nyamera na pundamilia hukusanyika hapo kwenye nyasi fupi na tamu. Dereva wa watalii akitafuta wanyama asubuhi huanzia kwenye maganjo yetu. Nimewahi kumsikia mmoja akiwaeleza wageni kwamba eneo hilo halijawahi kuguswa na binadamu. Nilikuwa nimesimama mita chache tu kutoka mahali nilipozaliwa.

Je, wanyama wamefaidika? Kwa ninayoyaona, ndiyo, na hapa sina kinyongo. Utafiti wa takwimu za sensa za angani ulionyesha kwamba kati ya mwaka 1977 na 2016 wanyamapori katika maeneo ya wafugaji nchini Kenya walipungua kwa wastani wa asilimia 68. Nyumbu wa uwanda wa Loita, ambao si wale wa Serengeti bali ni wakazi wa huku kwetu, walishuka kutoka karibu 120,000 mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi karibu 22,000 miaka 20 baadaye, na sababu kubwa iliyotajwa ilikuwa mashamba ya ngano yaliyokula uwanda wao wa kuzalia. Kisha zikaja nyaya. Upande wa Pardamat na Aitong, katika miaka michache ya kati ya muongo uliopita, uzio ulienea kwa kasi kiasi kwamba njia niliyoipita nikiwa mvulana haipitiki hata kwa miguu. Ndani ya mpaka wa hifadhi yetu hali ni tofauti. Mwaka jana niliwahesabu twiga 17 kwenye kipande changu kwa asubuhi moja. Mwaka niliotia sahihi ilikuwa ajabu kuona wanne. Chui sijamwona, lakini mbuzi wa jirani wamemwona.

Mkulima wa ngano, nikiri, mara nyingi hulipa zaidi kwa ekari kuliko hifadhi. Lakini hulipa kwa msimu, hutaka udongo na mvua ambavyo si kila kipande kinavyo, na akiondoka anakuachia ardhi iliyogeuzwa ambayo nyasi zake za asili huchukua miaka kurudi. Nilikataa ofa yake mara mbili. Sijutii, ingawa mwanangu wa pili bado ananikumbusha hesabu hiyo kila bei ya unga inapopanda.

Simba nao wana bili yao. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika mwaka 2014, inampa mwenye ardhi haki ya kuanzisha hifadhi, peke yake au pamoja na wenzake, na inaweka fidia: shilingi milioni 5 mtu akiuawa na mnyama, milioni 3 akipata ulemavu wa kudumu, na hadi milioni 2 kwa majeraha mengine. Mifugo na mazao pia vimetajwa. Kwenye karatasi ni sheria ya ukarimu. Katika maisha, madai hupita kwenye kamati ya kaunti na husubiri fedha za bajeti, na watu wamesubiri kwa miaka. Kwa hiyo usiihesabu fidia kama kipato. Hesabu zizi. Hifadhi yetu ilichangia nusu ya gharama ya nyaya nzito na nguzo za zizi, nasi tukatoa nusu, na tangu hapo simba hajaingia ndani hata mara moja. Fisi mmoja alijaribu kuchimba, akachoka. Jirani zangu wametundika taa zinazowaka na kuzimika, zile alizozibuni Richard Turere akiwa mvulana wa miaka 11 kando ya Mbuga ya Nairobi, nao wanaziamini. Huduma hii ya zizi ningeipa alama zote.

Huduma za ofisi zinatosha, hazipendezi. Simu hupokewa. Mkutano mkuu wa mwaka hufanyika, chakula ni kingi na hesabu husomwa haraka. Kazi za ulinzi na za kambini zimewapata vijana wengi wa kwetu, wakiwemo wasichana wawili wanaoendesha magari ya watalii, jambo ambalo baba yangu angelikataa kuliamini. Kwa wanaopenda nyota: nne kwa malipo, tano kwa zizi, mbili kwa malisho, moja kwa lugha ya mkataba.

Ndugu zetu wa Tanzania wanaosoma haya wataona kwamba sehemu kubwa haiwahusu moja kwa moja, kwa kuwa huko ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na ardhi ya vijiji inapotengwa kwa wanyama, kama ilivyofanyika Ikona kando ya Serengeti au Enduimet karibu na Kilimanjaro, jumuiya ya hifadhi huundwa na vijiji na mapato hurudi kwa vijiji, si kwa mtu mmoja mwenye hatimiliki. Nimewahi kuwaonea wivu kwa sababu kijiji hakiwezi kuuzwa kwa dalali usiku mmoja. Nao, nilipozungumza na mzee mmoja wa huko kwenye mnada wa ng'ombe, walinionea wivu kwa sababu simu yangu hulia kila mwisho wa mwezi.

Kwa mwenye kipande kidogo kilicho katikati ya vipande vingine vilivyokwisha kukodishwa, na mwenye mahali pengine pa kuweka boma, mkataba wa namna hii ningempendekezea. Mwenye kipande kimoja tu na ng'ombe wote wakikitegemea hicho, asikubali mpaka aone ratiba ya malisho imeandikwa ndani ya mkataba wenyewe, kwa sababu ratiba iliyo nje ya mkataba hubadilishwa na watu wasiokuwa na ng'ombe. Mwenye wana wengi naye afikirie: mkataba mpya wa miaka 25 utaisha nikiwa na umri ambao baba yangu hakuufikia, na katika muda huo wote wanangu watano hawataweza kuzigawa ekari 150 hata kama wangetaka. Mkubwa anasema hiyo ndiyo faida yake, maana vipande vya ekari 30 vingekwisha kuuzwa. Mdogo anasema ni kifungo. Nimewaambia wote wawili wasome rasimu, na safari hii ipo ya Kiswahili, kurasa 38, baada ya wenye ardhi zaidi ya nusu kukataa kuipokea ile ya Kiingereza.

Nimeandika marekebisho matatu kwa penseli pembeni ya rasimu hiyo. La kwanza, ombi la dharura la malisho lijibiwe ndani ya siku 3, na likikosa jibu lihesabiwe kuwa limekubaliwa. La pili, malipo yakipunguzwa kwa sababu ya tukio lisilozuilika, sehemu za malisho zifunguliwe kwa kiwango hicho hicho, ili nusu ya fedha iende na nusu ya nyasi. La tatu liliongezwa na mke wangu, kwa mwandiko wake: malipo yaingie kwenye akaunti yenye majina mawili. Wakili ameniambia kwamba la kwanza na la tatu yatapita bila taabu, na kwamba la pili watalipinga. Rasimu itarudi ofisini kwao Jumatatu. Yakirudi yote matatu yamechapwa nitatia sahihi, na likikosekana la pili, miaka yangu miwili iliyobaki inatosha kumsikiliza mtu mwingine.